Mtoto Aandike Barua: Maoni Yangu juu ya Kufunza Sarufi Nyumbani



Aghalabu niandikayo hapa huwa ni juu ya nasaba zetu, nyumba tulizoziacha na picha za watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Leo naomba ruhusa niseme juu ya walio hai, tena wadogo. Tangu nilipodokeza kwamba namsaidia mjukuu wangu, anayesomeshwa nyumbani na mama yake huko Milton Keynes, kujifunza kuandika Kiswahili, nimeletewa masuali na jamaa walioko Uingereza, Kanada na hapa hapa Maskati. Takriban wote huuliza suali moja: kinunuliwe kitabu gani cha sarufi?

Jawabu yangu haitawaridhisha wauza vitabu. Naona mtoto wa nyumba zetu apewe kwanza mtu wa kumwandikia, amwandikie barua ya kweli, na yule anayemsahihisha auzuie mkono wake. Sarufi itamjia kwa njia hiyo, na itakaa. Nimeifikia rai hii baada ya kukosea vibaya, na kosa lenyewe nitalieleza, maana rai isiyosema ilikotoka ni kama bahasha isiyo na jina la mpelekaji.

Mjukuu wangu ni msichana wa miaka kumi. Skuli za Uingereza zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mama yake alimsomesha kwenye meza ya jikoni. Zilipofunguliwa, aliona mtoto ametulia na anaendelea vyema, akaamua kubaki naye nyumbani. Sheria ya huko inamruhusu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, inayotumika England na Wales, inamwajibisha mzazi ahakikishe mtoto wake anapata elimu ya muda kamili inayolingana na umri na uwezo wake, ama kwa kuhudhuria skuli ama kwa njia nyengine. Hiyo "njia nyengine" ndiyo mlango alioupitia binti yangu.

Kiingereza, hesabu na sayansi anazimudu bila ya mimi. Kiswahili alinikabidhi. Aliniambia kwa simu: "Baba, mimi nakisema, lakini kukiandika sikuwahi kufunzwa. Naomba huyu asiwe kama mimi." Hakukusudia kunilaumu, lakini nilijua lawama ni yangu. Mimi nilisoma chuoni na skulini Unguja, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kabla hatujahamia huku katika miaka ya 1970. Watoto wangu walizaliwa na kukulia Maskati. Skuli iliwapa Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili kikabaki cha jikoni na barazani, nami sikuona haja ya kuwaketisha na daftari. Niliona lugha ya nyumbani hujilea yenyewe.

Mara moja tu Kiswahili cha maandishi kilinijia mkononi kutoka kwa mwanangu, na hiyo mara moja niliiharibu.

Nilikuwa karani kwa miaka 34. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza miswada ya barua kwa Kiarabu, na mkubwa wangu wa kwanza alikuwa akiirejesha barua nzima kwa hamza moja iliyowekwa pasipo pake. Nilizoea kuyawinda makosa, na ada hiyo nikarudi nayo nyumbani kila alasiri. Mwaka 1996 mwanangu wa kiume, akiwa na miaka tisa, alikwenda Unguja likizoni kwa dada yangu mkubwa. Kutoka huko aliniandikia barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, bila ya kuamrishwa na mtu. Alieleza walivyokwenda kuvua, mashine ya boti ilivyozimika, na changu wawili waliowapata. Niliisoma na kalamu ya wino mwekundu mkononi. Nilisahihisha mahala 23. Aliporudi nilimwonesha, nikidhani nampa tunu. Aliitizama, akanishukuru, akaiacha juu ya meza. Hakuniandikia tena kwa Kiswahili. Leo ni mtu mzima mwenye heshima na mapenzi, na kila wiki huniletea khabari zake kwa Kiingereza.

Barua ile ninayo. Miaka mingi baadaye niliisoma upya, na katikati yake nikakuta sentensi hii: "Usiku niliogopa, nilitaka wewe." Mimi nilikuwa nimeyakata maneno "nilitaka wewe" na juu yake nimeandika "nilikutaka". Sahihisho lenyewe ni sawa; mtu anapotakwa, kitenzi hutaka kiambishi chake. Lakini mtoto aliniambia kwamba ameogopa na amenitaka, nami nilimjibu juu ya kiambishi.

Basi binti yangu aliponikabidhi mwanawe, nilikuwa na miaka mingi ya kujuta, lakini sikuwa bado na njia. Nilianza kwa ile niliyoijua. Huko England, tangu mwaka 2013, watoto wanaomaliza skuli ya msingi hufanya mtihani maalumu wa sarufi, vituo na tahajia, na maduka yamejaa vitabu vya mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mtoto asomeshwaye nyumbani halazimiki kuufanya mtihani huo, lakini binti yangu alikuwa navyo vitabu viwili vitatu, nami nikatengeneza mazoezi ya Kiswahili kwa mfano wake. Kitabu ___angu. Viti ___pya. Mti ___meanguka. Mjukuu wangu alipata 18 katika 20. Nilifurahi sana. Siku ya pili aliniandikia ujumbe kwa mkono wake mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na "kitabu yangu" na "viatu mpya".

Hakuwa mvivu wala msahaulifu. Alipokuwa akijaza nafasi alikuwa anategua kitendawili, na fikira yake yote ilikuwa juu ya ile nafasi. Alipoandika ujumbe alikuwa anasema jambo lake, na ngeli za mazoezini hazikumfuata huko. Nafasi iliyoachwa wazi humwambia mtoto mapema kwamba hapa pana jambo la kuangaliwa. Katika maisha hakuna mtu anayetuachia nafasi wazi. Lazima mtu ajue mwenyewe ni wapi pa kujihadhari.

Hapo nikakumbuka kisa tulichosomeshwa utotoni. Wapokezi wa khabari za nahau ya Kiarabu wanasimulia kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali wa Basra, aliyefariki mwaka 69 wa Hijria, alikuwa pamoja na binti yake usiku. Binti alitizama juu, akataka kusema jinsi mbingu zilivyo nzuri. Akaitamka irabu moja sivyo, na sentensi ikageuka kuwa suali: kilicho kizuri zaidi mbinguni ni nini? Baba akamjibu: nyota zake. Binti akasema kwamba yeye hakuuliza, alikuwa anastaajabu. Ndipo baba alipomwonesha irabu ipi husema nini. Ziko riwaya kadhaa juu ya kilichompelekea mzee huyo kuanza kuweka kanuni za nahau, na hiki ni kimoja katika visa hivyo.

Tulipokuwa chuoni tulikichukua kisa hiki kuwa ni cha kukariri. Baadaye tulipewa Al-Ajurrumiyya, matini fupi ya Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, tukaihifadhi. Na katika darsa Zaid akawa anampiga Amr kila siku bila ya yeyote kati yetu kuuliza Amr amekosa nini. Siibezi elimu ile. Ndiyo iliyonipa riziki. Lakini kisa cha Basra sasa nakisoma kwa jicho jengine. Baba hakuanza kwa kusahihisha. Alianza kwa kuyajibu maneno kama yalivyosemwa. Aliulizwa mbinguni kuna nini, akajibu kuna nyota. Mtoto akatambua mwenyewe kwamba alichokisema sicho alichokikusudia, na sahihisho likaja kwa mtu anayelihitaji.

Nikatafuta mtu wa kumjibu mjukuu wangu namna hiyo, na sikwenda mbali. Dada yangu bado yuko Unguja. Umri wake unakaribia miaka 80, macho yake yanasoma, mkono wake unaandika, na Kiingereza hajui. Mtoto humwita Bi Mkubwa. Nikamwomba amwandikie, kwa mkono, juu ya karatasi, barua ya kutiwa katika bahasha na kupelekwa na posta au na msafiri.

Barua mbili za mwanzo zilikuwa fupi, za salamu. Katika ya tatu alimwalika: "Ukija kwetu usifanye kazi. Mama atakufua na mimi nitakupika."

Binti yangu aliniletea picha ya barua ile kwa simu kabla ya kuitia bahashani. Nakiri kwamba kalamu ilikuwa tayari mkononi. Aibu ilinishika kwamba barua ya namna ile iende Unguja kwa jina la nyumba yangu. Mama mtu akasema, "Baba, iache iende. Bi Mkubwa si mkubwa wako wa ofisini." Nikaiacha.

Jawabu ilichukua wiki tano. Dada yangu aliandika hivi: "Mjukuu wangu, nimefurahi kualikwa. Lakini mimi ni mzee, nyama yangu ngumu. Hata ukinipika siku mbili sitaiva. Na mama yako akinifua, mwambie asinikamue wala asinianike juani, mifupa yangu haiwezi."

Naambiwa mtoto aliisoma, akanyamaza, akaisoma tena, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akamkimbilia mama yake na kuuliza: "Kwani mimi nilisema nini?"

Suali hilo ndilo ninaloliombea kila mtoto wa jamaa zetu. Mazoezi yangu 20 hayakumfanya aulize. Aliuliza kwa sababu kulikuwa na bibi yake upande wa pili wa maneno, na maneno yalimfikisha pasipo.

Siku hiyo nilimweleza jambo moja tu: kumpika mtu na kumpikia mtu, kumfua na kumfulia. Kisha nikamwomba apitie barua zake zote na za Bi Mkubwa, aorodheshe kila jambo ambalo mtu humfanyia mwenziwe. Akaleta orodha: pika, pikia; leta, letea; soma, somea; andika, andikia; funga, fungia; kata, katia. Siku mbili baadaye akaniambia, "Babu, mengine yanaingia i na mengine yanaingia e." Nikamwambia atizame irabu iliyotangulia ndani ya neno. Akaipata kanuni mwenyewe: ikiwa ndani mna e au o, huja e, ikiwa mna a, i au u, huja i. Akauliza tena, mbona fua huwa fulia, nunua huwa nunulia, na toa huwa tolea. L imetoka wapi? Nikamweleza kwamba l hiyo ilikuwamo zamani katika maneno hayo, ikaanguka kwa kupita zama, na kauli ya kutendea inapoingia hurudi mahala pake. Alipenda sana kusikia kwamba herufi inaweza kupotea kisha ikarudi kwao.

Hiyo ni kauli ya kutendea nzima, pamoja na mwafaka wa irabu zake, kwa mtoto wa miaka kumi, na hajaisahau. Katika barua ya nne aliandika, "Nitakupikia wali, nitakusomea kitabu, na Mama atakufulia nguo zako tu."

Wako watakaosema kwamba barua ni jambo dogo, haiwezi kubeba sarufi yote. Itizameni barua ya kawaida ya kwetu imejengwa vipi. Huanza na salamu na hali, na hapo mtoto hutumia wakati uliopo: sisi hatujambo, Mama anakusalimu. Hufuata khabari, nazo hutaka -li- na -ka-: tulikwenda sokoni, tukanunua maembe, mvua ikatunyeshea. Huja yaliyotimia: paka amezaa, jirani amehama. Kisha maombi, ambayo hutaka kitenzi kimalizike kwa e: naomba utuletee picha, usiache kutuombea dua. Mwisho huja ahadi, nazo ni za -ta-. Katika ukurasa mmoja mtoto amezipita nyakati kuu za lugha, kila moja mahala inapohitajiwa. Ngeli nazo hazikosekani, kwani hakuna khabari isiyokuwa na viti, miti, mayai, nguo na watu.

Sasa nieleze tunavyofanya, ili atakaye aige na asiyetaka aache.

Jambo la kwanza ni mwandikiwa. Awe mtu mmoja maalumu, anayejulikana kwa mtoto, atakayejibu. Mwambieni mapema ajibu khabari, asisahihishe. Kazi ya kusahihisha si yake.

La pili ni daftari. Mtoto huandika mswada wake ukurasa wa kulia, na ukurasa wa kushoto huachwa mtupu kwa matengenezo yake mwenyewe. Simwandikii humo hata neno moja.

La tatu ni kusoma kwa sauti kabla ya mtu mzima kugusa chochote. Tunafanya hivyo kwa simu, kila Alkhamisi baada ya Alasiri ya huku. Makosa mengi huyakamata hapo, maana sikio lake limesikia Kiswahili kuliko jicho lake lilivyokisoma. Husoma "viatu mpya", husita, husema "vipya", na mimi sikusema kitu.

La nne ndilo gumu kwa watu wa kazi yangu. Kila wiki mbili tunachagua jambo moja tu: labda upatanisho wa ki na vi, labda -ote na -enye, labda kukanusha. Mstari wenye kosa la jambo hilo hutiwa nukta ndogo ya kalamu ya risasi pembezoni. Mama yake ndiye huitia, kwa niaba yangu. Sisemi kosa liko wapi ndani ya mstari wala ni nini. Yeye hulitafuta. Makosa mengine yote huyapita kama sikuyaona, ingawa nayaandika katika daftari langu ili nijue zamu yake itafika lini. Naapa kwamba kuyapita huniuma. Lakini mtoto anayeonyeshwa makosa 23 kwa pamoja hajifunzi 23. Hujifunza kwamba asiandike.

La tano, hunakili barua yake safi na kuipeleka hivyo hivyo ilivyo, pamoja na makosa ambayo zamu yake haijafika. Barua ni yake.

La sita ni imla, mara moja kwa wiki, mistari mitano au sita. Siichukui kutoka vitabuni. Nachukua barua ya Bi Mkubwa mwenyewe, ambaye Kiswahili chake cha Unguja hakina doa, namsomea mtoto polepole naye anaandika, kisha analinganisha na karatasi ya bibi yake. Kwa njia hiyo mfano wa lugha nzuri anaupata kwa mtu wake.

Niongeze kwamba mwalimu wa nyumbani lazima akubali kushindwa mara kwa mara. Mtoto aliwahi kuniuliza kwa nini tunasema "paka wangu" lakini "rafiki yangu", ilhali wote wawili wana roho. Sikuwa na jawabu ya haraka. Nilimwambia nitatafuta, na tukatafuta pamoja mifano: baba yangu, dada yangu, ndugu zangu, jirani yetu, adui yangu. Tukaona kwamba majina ya ujamaa na uhusiano, yakiwa ni ya jamii ya baba na rafiki, hushika yangu na zangu, hata kama vitenzi vyake ni vya watu. Alifurahi zaidi kwa kuwa babu naye alikuwa hajui.

Nimesikia hoja za wanaopinga, na baadhi yake ni za haki.

Wako wasemao kwamba sarufi haifunzwi, mtoto huipata kwa kusikia. Ni kweli kwa mtoto wa Mji Mkongwe au wa Pemba, ambaye Kiswahili kinamzunguka tangu alfajiri. Mjukuu wangu anasikia sauti mbili tatu tu, nazo huchanganya na Kiingereza. Viambishi ni vidogo na katika maneno ya haraka humezwa. Karatasini husimama, mtoto akavitizama kwa wakati wake.

Wako wasemao kwamba simu za leo hutafsiri na kusahihisha zenyewe, basi taabu ya nini? Simu ingeandika "nitakupikia" mara ya kwanza, na barua ingefika sahihi. Lakini Bi Mkubwa asingekuwa na la kuchekea, na mtoto asingeuliza alisema nini.

Na wako, kama nilivyokuwa mimi, wanaoona aibu kwamba makosa ya mtoto yaonekane na wazee. Hili nilimweleza dada yangu kwa simu, nikamwomba radhi kwa barua zile. Akanijibu, "Barua yenye makosa imenifika. Watoto wako mwenyewe mimi sijapata barua zao hata moja." Sikuwa na la kusema.

Kwa sisi tunaohifadhi khabari za familia pana sababu nyengine. Katika masanduku yetu zimo barua za mababu zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Maandishi yale yana alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Kasra husimama kwa i na kwa e, dhumma kwa u na kwa o, na mara nyingi alama zenyewe hazikutiwa kabisa. Herufi b nayo huenda ikawa ni p. Anayeisoma barua kama hiyo huijaza kwa kuijua lugha: anajua kwamba baada ya o ya "soma" hapawezi kuja ila e, kwa hiyo husoma "somea" bila ya kusita. Asiyeijua sarufi ya Kiswahili hata akizijua herufi zote za Kiarabu atakwama mstari wa kwanza. Tukiwapa wajukuu masanduku bila ya sarufi tutakuwa tumewapa karatasi tu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alisema anataka mtu wa pili wa kumwandikia. Akamchagua mjomba wake, yule mwanangu. Alimwandikia juu ya baiskeli yake na meno mawili yaliyong'oka. Sikujua kama atajibiwa kwa lugha gani. Jawabu ilikuja: mistari mitatu ya Kiswahili, kwa mkono wake, maneno ya kwanza ya Kiswahili ninayoyaona kwa mwandiko wake tangu mwaka 1996. Mna makosa mawili. Nimeyaona, na sikumwambia mtu ni yapi.

Basi jamaa zangu, kabla ya kuniuliza kitabu cha kununua, hesabuni wazee mlionao ambao bado wanasoma na kuandika Kiswahili. Katika familia yangu nimewahesabu: wamebaki wanne. Mpeni kila mtoto mmoja wao, wiki hii, wakati macho ya mzee yangali yanaona na mtoto yungali na hamu. Nunueni daftari, bahasha na stempu. Kalamu nyekundu ifungieni kabatini.

Wallahu a'lam, naye ndiye mwenye kuwafikisha.